Mkate Niliokwangua Ukungu

Mpendwa mshauri, nashika kalamu kukuomba msaada kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia, mimi ni mjane, kazi yangu ni kufunga mikate kiwandani, naishi na mama mkwe kwenye vyumba viwili vyenye ua mdogo nyuma, na kwenye ua huo marehemu mume wangu aliacha kuku majike wanne aliowalea tangu vifaranga, si wa kuchinja wala wa biashara, wa kupendwa tu, na mama huwaita kwa mluzi uleule wa mwanawe wakamkimbilia, na tangu tuzike sijamwona akicheka ila akiwa nao.

Sasa kiwandani tunaruhusiwa kuchukua mikate inayorudishwa na maduka, mingi imeshaota ukungu, nami kubeba gunia la chakula cha kuku kulikuwa kunanichosha, basi nikawa naukwangua ukungu kwa kisu kabla sijafika nyumbani, na kwa kuwa mama haoni vizuri nikamwambia ni mkate wa leo, akawa anaulowesha na kuwalisha mkononi, tonge lao, tonge lake, anasema anakula na wajukuu ambao mimi sikumpa.

Akafa wa kwanza, mabawa chini, kishungi kimepauka, nikamsimulia mchomaji wetu wa mikate, naye akaniuliza, "Unawapa nini?" Nilipomwambia akang'aka, "We mama una wazimu? Unakwangua juu, na ndani je? Huo hata kuku hapewi!" Nilisikia, mshauri, nikaona aibu, na bado nikaendelea kuupeleka, maana kuacha ghafla kungekuwa kukiri, wakafa wawili wengine ndani ya wiki moja.

Amebaki mmoja, naye kajikunyata, na mama hataki hata kumgusa, na yeye mwenyewe hali chakula, ananiambia, "Ni mkono wangu huu, mwanangu. Mume wako nilimlisha mimi mpaka siku ya mwisho, akafa. Kuku wake nawalisha mimi, wanakufa." Je, huyu aliyebaki nimpe chakula gani, na nikibadilisha kimya kimya yakaisha, nitakuwa nimekosea?

Mimi, mfunga mikate

MSHAURI ANAJIBU

Dada, pole kwa msiba, na pole yangu inaishia hapo. Umenieleza kwa kirefu habari za kuku, ukapitisha haraka haraka kwamba mama wa watu anakula mkate huohuo. Mpeleke hospitali leo hii. Mweleze daktari ulichomlisha na kwa muda gani, usipunguze neno. Huenda kinachomfunga mdomo si huzuni peke yake.

Mikate yote ifukie. Kuku mwite daktari wa mifugo amtazame, na umpe chakula kilichochanganywa tayari cha kuku wa mayai, kikavu, kisicho na harufu ya uvundo. Cha kuku wa nyama achana nacho, kitamnenepesha bure. Ongeza majani mabichi kidogo, changarawe ndogo za kumsaidia kusaga, chokaa ya kuku ya kukaza maganda ya mayai kwenye chombo chake peke yake, na maji safi kila siku. Mabaki ya mezani asionje kwa sasa. Siwezi kukuahidi kwamba atapona.

Ama hilo la kimya kimya, hebu nitolee hapa! Wa kwanza ulimuua kwa kutojua. Hao wawili ulikuwa unajua, ukaona bora wafe kuliko uaibike. Kaa mbele ya mama yako umwambie, "Mama, si mkono wako, ni mkate wangu, na niliambiwa nikanyamaza." Usilie kabla hujamaliza, asije akalazimika kukubembeleza wewe. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukununia mwezi mzima, na ana haki.

Kama atakusamehe au hatakusamehe, hilo si la kuniuliza mimi. Mwambie tu, kabla hajaingia kaburini akiichukia mikono iliyomlisha mumeo.