Folda ya Kupamba

Jumatatu, 4 Agosti

Chai imekwisha, folda bado yafunguka. Nimeiacha nikaanika nguo. Nimerudi, kile kiduara cha kompyuta chazunguka tu. Ndani mna picha za usiku wa kupamba wa Nargis, ile sherehe ya wanawake peke yao, na za maharusi wote niliowahi kuwapiga. Ijumaa jioni Nargis asafiri kumfuata mumewe Maskati. Kabla ya hapo yuaja kuchagua mwenyewe zipi zichapishwe, mamake abaki nazo. Bila yeye kuchagua sitoi hata moja. Ndiyo ahadi yangu kwa kila bibi harusi.

Jumanne, 5 Agosti

Leo kompyuta imeganda kabisa. Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeiombea na dua. Jirani asema niipeleke kwa Kazungu, fundi wa Bombolulu. Hodari, lakini mwanamume. Na humo ndani wanawake wazima wa Kisauni wako vichwa wazi, mabega nje, wanacheza. Simu zao zilizuiwa mlangoni. Kamera yangu peke yake ndiyo iliyoaminiwa. Nimpe Kazungu? Heri nifunge kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Mamake Nargis, Bi Salma, amepiga simu. “Mwanaisha, hizo ni picha au maharagwe? Mbona haziivi?”

Nimecheka. Baada ya kukata nimelia kidogo. Ana binti huyo mmoja tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Kazungu anitibu kwa simu. Kwanza akataka nifungue folda nyingine yoyote. Ya risiti. Papo hapo.

“Basi mashine ni nzima, mama. Mgonjwa ni folda. Ukiifungua, waona majina au picha?”

Picha. Tena kubwa.

“Kubwa kiasi gani?”

Kubwa kabisa. Niliziweka hivyo mwenyewe. Macho yameanza kunichezea na miwani nasema ni ya wazee. Kumbe kila nikifungua, programu yaanza kutengeneza kijipicha cha kila mwanamke aliyewahi kuolewa Kisauni, na video juu yake, ndipo initazame mimi.

Akanielekeza nibadilishe, yaje majina matupu. Nikabonyeza jicho moja nimefumba. Ikafunguka! Wote sasa ni majina tu, kama waliokwisha kuvaa mabuibui yao. Za Nargis nimezitenga folda yake. Kila bibi harusi atapata yake, inshallah.

Kazungu amecheka hadi akakohoa. “Mama, wewe wataka miwani, si fundi.”

Mjinga ni mimi. Mjinga mwenye furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nargis amekuja asubuhi, amechagua. Ya kwanza: mamake amfuta rangi ya mdomo kwa pembe ya leso. Hata sikumbuki kuipiga.

Nimezichapisha, nikampelekea Bi Salma mchana. Hakutania. Aliishika ile moja, akanishika na mkono.

Nikirudi nimenunua miwani. Ndiyo niandikiayo sasa. Mwandiko wangu, kumbe, mbaya hivi.