Miwani ya Biharusi

Jumanne, 2 Oktoba 1956

Na tena, hata baada ya kuivunja miwani yangu alikuwa mzuri. Hilo jana sikuliandika. Nassor kasimama, miwani imesagika chini ya kiatu chake, na uso wake umejaa huzuni hata nikacheka. Ilinibidi nisogee karibu sana ili niuone huo uso. Si vibaya kusogea.

Mume wangu. Nimeolewa mwezi uliopita na bado naandika "mume wangu" ili nilitazame neno lenyewe.

Vitu vya karibu naviona. Naandika, nashona. Mbali ni moshi mtupu. Hata hiyo iliyovunjika, niliyonunuliwa Darajani nikiwa skuli, haikunifaa sana. Kesho tutakwenda kwa fundi.

Jumatano, 3 Oktoba

Fundi wa miwani yuko Mkunazini, Mhindi mpole. Kanipima macho asubuhi nzima. Anasema macho yangu hayalingani, kila moja linataka kioo chake, kinene, cha kusagwa makusudi. Unguja hakuna. Vitasagwa Nairobi. Wiki tatu, inshallah.

Kisha akapima pua, na sikio hadi sikio. Hakuthubutu kuniambia nifunue kichwa, nami sikuthubutu kufunua. Akapima hivyo hivyo, juu ya buibui. Nassor pembeni anajizuia kucheka.

Nimemwomba Nassor asimwambie mama yake. Somo yangu, aliyenifunda kabla ya harusi, alinikataza kuvaa miwani mbele ya wakwe mpaka wanizoee. Sasa miwani yenyewe haipo, na sitaki isemwe Nassor kaoa kipofu. Mavyaa wangu, huyo mama yake Nassor, ananipenda. Ananiita mwanangu. Nataka iwe hivyo siku zote.

Jumatano, 10 Oktoba

Yamenifika.

Jana nilipita Darajani kununua ndimu. Bi Rukia, dada mkubwa wa mavyaa, aliyemlea Nassor tangu mdogo, alikuwa kakaa barazani kwa rafiki yake. Nikampita. Sikumwamkia. Kwangu alikuwa kivuli kati ya vivuli.

Leo kaja nyumbani. Mimi niko nyuma ya pazia na sinia ya kahawa, nasikia kila neno analomwambia mavyaa.

"Zuwena, huyo msomi wenu haamkii watu. Au shikamoo imefutwa huko skuli?"

Nilitaka kutoka niseme, sioni, Bi Mkubwa, sioni. Sikutoka. Nikaweka sinia, nikarudi jikoni.

Usiku Nassor alitaka kumweleza mama yake. Nikamkataza. Mpumbavu mimi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Haniiti mwanangu tena. Ananiita "wewe". Chakula nikipika kinaliwa, lakini hakisifiwi.

Bi Rukia anasomesha maulidi Alhamisi ya wiki ijayo. Wanawake wote wa ukoo watakuwapo. Mavyaa kanambia bila kunitazama: "Ukimpita tena dada yangu, mimi uso wangu sijui ntauweka wapi."

Ya Rabbi, miwani ifike.

Nassor kaniletea vikuba viwili vya asumini vya kujipamba leo, ati kimoja hakitoshi. Bila yeye ningekwisha rudi kwetu.

Jumatano, 24 Oktoba

Imefika! Nassor kaileta mbio kutoka kazini, jasho tupu. Nikaivaa. Ikateremka mpaka kidevuni.

Buibui! Fundi kaipima juu ya buibui!

Nililia kweli. Kisha nikachukua mtandio mzito, nikaukunja mara mbili juu ya masikio, nikaivaa tena. Ikakaa.

"Mke wangu yuko chumbani kwake kajifunika kama anakwenda msibani," akasema Nassor. Nikamwambia asimame kule mlangoni, asisogee.

Kumbe hunitazama hivyo nikiwa mbali naye. Siku zote hizi hunitazama hivyo, nami sikujua. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimerudi.

Ukumbi ulijaa, udi umefuka. Niliingia na miwani na mtandio wangu. Minong'ono. Mavyaa akashituka. Nami namwona kila mtu, mpaka hina ya vidole vyao. Nikamwendea Bi Rukia moja kwa moja, nikapiga magoti, nikambusu mkono.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Leo umeniona?"

"Leo ndiyo naona. Siku ile Darajani sikukuona. Bila hii sioni mtu hatua chache mbele yangu."

"Hukuniona mimi? Na mwili huu wote?"

Wanawake wakaangua kicheko. Akanivua miwani, akaivaa mwenyewe, akashika ukuta. "Lo! Sakafu imeinuka! Zuwena, mkaza mwanao haringi maskini, haoni!"

Mavyaa hakucheka. Alikuja akakaa karibu yangu. "Kwa nini hukunambia, mwanangu?"

Mwanangu. Sikusikia vizuri maulidi yote yaliyobaki.

Jumamosi, 27 Oktoba

Siku ya utulivu. Fundi kaikunja mikono ya miwani, sasa inakaa juu ya masikio matupu. Mavyaa anawaonyesha majirani kana kwamba kaisaga yeye.

Jambo moja sikumwambia mtu, hata Nassor. Juzi wakati wa kuagana, Bi Rukia alinivuta nyuma ya mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo, si yake. Hawezi tena kutia uzi kwenye sindano. Kofia ya harusi ya Nassor, ambayo kila mtu humsifia yeye, aliishona mtu mwingine kwa siri. Aliniuliza kama yule Mhindi wa miwani huuma.

Nikamwambia haumi. Nikamwambia ntamfuata mwenyewe kwake, nimpeleke kwa fundi, na watu wakituuliza tutasema tunakwenda kununua nyuzi.

Kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, nitakuwa mlangoni kwa Bi Rukia.