Mgongaji Ndani ya Tishari

Keji mjukuu wangu,

Hapa mtaani Hai Malakal hatujambo, na mbuzi wa nyanya yako amezaa mapacha. Unauliza kwa nini bamba lako la chuma lilipinda ingawa ulilichomelea vizuri. Chuma kikipoa hujivuta, ndiyo maana tunachomelea kidogo hapa, kidogo kule.

Ujanani, bandarini Juba, rafiki yangu Lado alichomelea tumbo la tishari, chombo bapa cha kubeba watu na mizigo mtoni, kwa mstari mmoja bila kupumzisha chuma. Kesho yake, tukinywa chai, tukasikia mtu akigonga kutoka ndani ya tumbo hilo. Tukaitana majina; wote tulikuwepo. Tukakata bamba. Ndani hamkuwa na mtu, ila kiungo alichochomelea Lado kilikuwa na ufa ambao ungezamisha abiria.

"Ni chuma kinapoa tu," Lado alisema kuhusu ule mlio.

Nililigusa bamba, mbali na tulipokata. Lilikuwa baridi kama maji ya mto.

Nawe ukimaliza kuchomelea, nyamaza kidogo usikilize.

Babu yako