Chumba cha Mama Hakikodishwi

Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje, na lile goti? Sisi huku wazima, ila wajukuu wako ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu. Najua anayekusomea barua hii ni kaka yangu Mwadime. Mwadime, soma kwa sauti, na usiruke mstari.

Mama, kazini walinipeleka wiki moja Edinburgh, mji wa kale kule Scotland, kwa mafunzo. Nikalazwa kwenye nyumba ya mtu, unalipia kitanda na kifungua kinywa. Ndiyo biashara hiyo hiyo mfanyabiashara wetu Mwadime anataka kuianzisha kwako hapo Voi, watalii walale chumbani kwako, wewe uhamie stoo ya jikoni.

Basi nimeiona. Ati nyumba ya kihistoria! Ngazi nyembamba mpaka sanduku langu likakwama, na choo kimetandikwa zulia. Zulia, Mama, chooni! Mkate wanauchoma vizuri, halafu wanausimamisha kwenye kichanja cha chuma upoe kwanza ndipo wakuletee. Chai ni maji ya moto na kijifuko, maziwa pembeni, ya baridi. Ukishakula unatakiwa utoke mpaka jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Eish! Huyo ni mgeni au ni mdaiwa?

Anayeiendesha ni jamaa mmoja, kiburi kimemjaa. Nilimpelekea masala ya chai kutoka Fordsburg, kwenye maduka ya Wahindi hapa Johannesburg, maana hukunilea niingie kwa watu mikono mitupu. Akaigeuzageuza ile pakiti kama namuuzia. "Chumba kimeshalipiwa," akaniambia. Mtu hajui hata kupokea zawadi!

Kesho yake nilipomaliza kula nikabeba vyombo nikavioshe, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Jikoni nikamkuta bibi mzee anakula vipande vya mkate vilivyobaki mezani kwetu. Akashtuka kama amefumaniwa. "Rudi juu, tafadhali. Kijana wangu hapendi wageni wanione." Kando ya mashine ya kufulia palikuwa na kitanda chake, chembamba. Akaniuliza nalala chumba gani. Nikamwambia, kile chenye dirisha linalotazama ngome. Akatabasamu.

"Unapata usingizi? Mimi na marehemu mume wangu tulilala humo tangu tuoane."

Nililia, Mama. Masala yangu ilikuwa imetupwa pale rafuni, haijafunguliwa. Nikafunga mlango, nikampikia chai ya maziwa, tukanywa wawili.

Kwa hiyo usimpe mtu ufunguo. Watalii wana hoteli zao. Desemba mimi na watoto tutalala sebuleni kwenye mkeka, na wewe utalala kwenye kitanda chako, kile mlicholalia na marehemu Baba.

Nisalimie Shangazi Mghoi, dadake Baba. Mwambie akae hapo nyumbani akulindie chumba mpaka nifike. Na mama mchungaji, jirani yetu, umpe salamu zangu.

Ni mimi binti yako, ambaye hata huko ugenini nilikuwa naosha vyombo,

Wakesho

Mwadime, nilijua utaruka. Rudi pale kwa yule bibi, umsomee Mama tena, polepole.