Aliyechomoa Waya

Area D,
Dodoma.
Jumapili, baada ya misa.

Mdogo wangu Noeli,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ndani ya barua uliyompa yule mama ambaye mwanawe mnasoma pamoja, nami nimeipokea kwa mikono miwili. Natumaini kikohozi cha vumbi la bweni kimekwisha na kwamba siku hizi unakula hata makande, maana njaa haina maringo. Sisi huku hatujambo. Goti la baba linasikia dawa, cherehani yangu inalia kutwa kwa sare za shule, na joto la mwezi huu unalijua mwenyewe, hata mbwa wa jirani wamegoma kubweka mchana. Shule yenu hairuhusu simu, nami nashukuru, kwa sababu mambo haya kwa simu ningecheka nikashindwa kuyamaliza.

Nianze na agizo lako la barua ile ya nyuma. Uliniandikia kwamba gemu lako, ile mashine ya kuchezea kwenye runinga, limejaa, kwamba Desemba rafiki yako Brighton atakuazima mchezo mpya wa mpira, na kwamba kabla hujaja nifute ule mchezo wa zamani ili nafasi ipatikane. Uliandika kwa wepisi kweli, kama mtu anayeagiza sabuni. Mimi dada yako, mtiifu kupita kiasi, nikawasha runinga, nikashika pedi ya kuchezea, nikamuuliza baba mchezo wa zamani ni upi. Jamani! Mzee aliinuka bila fimbo, akaja kukaa kwenye kigoda katikati yangu na runinga. Halafu akaniuliza, ukifutwa huo, Matonya ataenda wapi?

Umesahau, Noeli. Wakati ule ulipokuwa nyumbani ukingoja matokeo ya kidato cha nne, ni wewe uliyemfundisha kucheza, na ni vidole vyako vilivyoandika majina ya timu yake ya ujanani, ile ya kijijini kwetu Kwa Mtoro, mchezaji mmoja mmoja. Matonya mshambuliaji, Ebenezer beki asiyevaa viatu, Habibu winga wa kushoto, na baba mwenyewe golini. Unakumbuka alivyokasirika kwamba jina la nyumbani la Habibu lina ule mlio wa ulimi wa Kisandawe na mashine haina herufi yake? Wewe kwako ulikuwa mchezo wa kupitisha siku. Kwa baba, wale ni watu. Wote wamekwisha kuzikwa isipokuwa Habibu na yeye. Tangu mama alipofariki nikamleta mjini, mzee alikuwa mtu wa kusema ndiyo na hapana, lakini kila jioni akiwasha mashine hiyo nasikia anamgombeza Ebenezer kwa Kisandawe kwa kuchelewa kurudi nyuma. Na fundi aliyetuwekea mchezo huo amekwisha kuhama Dodoma, ukifutwa haurudi. Nikaweka pedi chini, nikamwambia baba hakuna wa kumfukuza Matonya nyumba hii.

Lakini na wewe ni mdogo wangu, nami sikutaka uje likizo ununiwe na mashine iliyojaa. Kwa hiyo Jumamosi nikaenda karibu na soko la Sabasaba, kwa fundi mmoja anaitwa Gideoni, anatengeneza redio, simu na magemu. Akanieleza bila kunidharau kwamba hakuna haja ya kufuta kitu, ipo diski ya nje, unaichomeka kwa waya, michezo mingine inahamia huko. Nikaelewa mara moja: nyumba ikijaa mtama, unajenga kihenge uani. Nikamwambia basi diski ninayo, ya kwaya yetu, nimekabidhiwa niitunze. Akaniuliza ina nini ndani. Nikasema nyimbo zote za Pasaka. Akashika kichwa, akaniambia mashine ikiipokea diski huifuta yote kwanza, je, nataka kutengwa na kanisa? Nilicheka pale dukani mpaka watu wakageuka. Nikanunua mpya.

Alikuja mwenyewe kuifunga. Akavua viatu mlangoni, akampa baba shikamoo ya kuinama hasa, siyo hizi za kutupiwa. Akachomeka, akahamisha mchezo wa baba na mingine mitatu, nafasi ikapatikana tele. Kisha akatupa onyo, akalirudia mara mbili: mashine ikiwa inafanya kazi, waya usichomolewe. Uuchomoe ghafla, diski itanuna, na ipo siku itanuna moja kwa moja, na kilichomo kipotee. Baba akamuuliza hata timu? Akasema hata timu, mzee wangu.

Basi mdogo wangu, diski ile ikawa na balaa. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nafagia, ufagio ukanasa waya, mashine ikaandika maneno ya hasira kwenye kioo na mchezo wa baba haukuonekana. Baba alikaa kama amefiwa. Nikampigia Gideoni, akaja na pikipiki kutoka Msalato anakoishi, akaichomeka upya, ikajikagua, timu ikarudi. Nikampa ugali na mlenda kwa shukrani. Kwao ni Buigiri, Mgogo, sasa umpe Mgogo mlenda uone. Alikula akiwa anamtazama baba akicheza, akauliza Ebenezer ni nani. Noeli, hakuna aliyewahi kumuuliza baba Ebenezer ni nani. Hata sisi hatukuuliza! Mzee alisimulia mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata diski ikasumbua tena. Na iliyofuata. Cha ajabu, ilisumbua Jumamosi, na Jumamosi yenyewe mimi nimekwisha kuchuma mlenda. Gideoni anakuja, anakagua waya, anakuna kichwa, anasema haoni kosa, anakula, anamsikiliza baba, anaaga. Siku moja akanitengenezea taa ya cherehani bila kuombwa.

Halafu ikapona. Mwezi mzima haikusumbua, na fundi asiyeitwa haji. Nikashona sare kimya kimya. Baba akaniuliza mbona siku hizi redio haiimbi. Nikasema betri. Redio yetu inatumia umeme, Noeli.

Mwezi ulipokatika, Jumamosi moja nikiwa uani naanua nguo, nikasikia baba anaita. Kioo kina maneno yale yale. Nikampigia Gideoni hapo hapo, maana safari hii alikuwa katikati ya fainali ya kombe lake, anaongoza mbili kwa moja. Gideoni akaja mbio, na haikuwa kazi ya kuchomeka na kuondoka. Mashine ilikagua, ikasita, ikakagua tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namwomba Mungu asimchukue Matonya mara ya pili. Ikarudi, ashukuriwe, timu nzima, ila fainali imepotea na ni ya kuchezwa upya. Baba akasema si kitu. Wakati wa kuaga, Gideoni akamwomba baba neno, wakatoka nje wawili. Jumapili iliyofuata akaja mjomba wake, mshenga, na barua ya posa.

Sasa nakwambia lile nililokuwa nalizunguka tangu salamu. Ufagio ulinasa waya mara ya kwanza tu. Hizo Jumamosi nyingine ni mimi, dada yako, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, kiongozi wa sauti ya pili, nilikuwa napita nyuma ya runinga na kitambaa cha vumbi na kuuchomoa. Cheka, nakuruhusu. Nilimpenda yule kaka, na sikujua njia nyingine ya kumwita mtu. Nilichagua wakati baba hachezi, nikijidanganya kwamba hapo hakuna hatari. Kisha nikaacha. Nilijiona mpumbavu, nachezea watu wa baba kwa ajili ya moyo wangu. Nikajiambia pia, nikiolewa nani atamwangalia mzee, nani atashona ada ya Noeli? Nikaukanya moyo ukatulia, ama nilidhani umetulia.

Posa ilipokuja sikuweza kuipokea na uongo tumboni. Nikapiga magoti mbele ya baba nikamwambia kila kitu. Mzee hakushangaa hata kidogo. Akaniambia yeye alikuwa kipa, na kipa mwenye akili hautazami mpira, anatazama mtu. Alikuwa akiniona na kile kitambaa changu kila mara, akajiuliza vumbi gani hili la Jumamosi tu. Nikaapa kwamba ile ya mwisho, ya fainali, haikuwa mimi, kwa jina la mama. Akasema najua. Ile ilikuwa mimi, baba yako.

Noeli, nililia. Nikamuuliza, baba, na onyo lote lile? Kama Matonya asingerudi, na Ebenezer, na wote? Akaniwekea mkono kichwani, akasema wale wamekwisha kucheza, mama. Wewe ndiye hujacheza.

Nimekubali posa. Suala la mimi Mkatoliki na yeye Mwanglikana mapadre watalizungumza, baba anasema yeye ameona timu yenye Habibu na Ebenezer ikichukua kombe. Tutapanga hapa hapa Area D, nyumba ya pili kutoka hii, mzee atakula kwangu kama kawaida na ada yako iko palepale. Kaka wa bibi harusi ni wewe, kwa hiyo Desemba uje umenyoa, na mchezo wa Brighton uje nao, nafasi ipo tele. Fainali baba hajairudia. Anasema anakungoja ukae karibu naye.

Jambo moja tu nakuomba. Gideoni bado anasema diski ile ni mbovu na ameahidi kutuletea nyingine. Kama amekwisha kujua, hajasema, na fundi gani asijue? Wewe nyamaza, tuipokee.

Baba anakusalimu sana, amesimama nyuma yangu anasoma mistari hii na anakanusha sehemu ya fimbo. Wasalimie wenzako wa bwenini, na usali kabla ya kulala. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ursula