Ndoo ya Kijani Bwenini

Jumatatu, 4 Machi

Gemu limefutwa! Miaka mitatu ya kuchora mahandaki na bunduki, bosi kalizika kwa maneno machache, tena kasimama mlangoni. Kampuni ya konsoli, zile mashine za kuchezea gemu, iliyokuwa ikitulipa, imejitoa. Sababu — kuna mtu kati yetu karusha video ya gemu mtandaoni kabla ya wakati. Wote tukamgeukia Kinyonga, fundi wetu wa sauti, maana mdomo wake hauna breki. Mimi pia nilimgeukia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu. Akazima redio.

Jumanne, 5 Machi

Bosi kaniita peke yangu. Anakumbuka ule mtego wangu: kila nakala ya majaribio ina ndoo kwenye bweni la askari, na kila mfanyakazi ana rangi yake. Rangi ipi ni ya nani, najua mimi tu. Kasema niitazame video, nimletee jina. Huyo mtu hatapata kazi tena popote — kaapa!

Nimetoka mle nikimshuku kila mtu. Hata mlinzi. Mbona leo kanisalimia mara mbili?

Jumatano, 6 Machi

Nimeitazama. Ndoo ni ya kijani.

Kijani ni mimi.

Nakala yangu iko nyumbani, chini ya televisheni. Na nyumbani tuko wawili.

Halafu video yenyewe ya ajabu. Mchezaji hapigi risasi hata moja! Anaingia bwenini, anavipita vitanda, anasimama mbele ya kile cha dirishani. Hapo hapo, mpaka mwisho. Bweni lile nililichora kutokana na hadithi za mume wangu, enzi zake za jeshi. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha rafiki yake, yule ambaye hakurudi.

Jioni kaniuliza mbona nimenyamaza. Kwa nini aulize leo? Siku zote haulizi! Nikasingizia kichwa. Nina hasira naye, kisha namhurumia, kisha hasira tena.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia bosi ndoo haionekani vizuri. Akanikodolea macho. Basi, akasema, kesho anamtimua Kinyonga — lisemwalo lipo.

Kinyonga kanifuata jikoni, sauti chini, yeye ambaye hajui kunong'ona. "Dada, nasikia unayo njia ya kumjua aliyefanya hivi. Fanya hima basi, wasije wakanitoa kafara. Mi nakutegemea wewe tu."

Nikamwambia asijali.

Mezani mume wangu kauliza, macho kwenye sahani, kwani hamna njia ya kumjua aliyerusha ile video.

Nikasema hamna.

Akashusha pumzi. Akachukua nyama kutoka sahani yake, akaniwekea mimi. Nimeila yote.