Dawa Haiwekewi Wageni

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu za upendo zikufikie hapo kiwandani. Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Mimi sijambo, ila usingizi nausikia kwa majirani tu. Mwanangu Bonge anaota meno, basi nyumba nzima tunaota naye.

Wa kukueleza ni Mama. Daktari alituketisha akasema wazi: uvimbe umeshaenea tumboni, hakuna tena dawa ya kuuondoa. Nilidhani ndiyo tumefukuzwa. Kumbe hapana. Alitukabidhi kwa muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaomtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona ili asiteseke, na humfuata huko huko nyumbani.

Mama amempa jina, Bi Kigoda. Siku ya kwanza nilimletea kiti cha sebuleni, akakikataa, akavuta kigoda cha jikoni mpaka macho yake yakawa sawa na ya Mama pale kitandani. Mkoba hakuugusa. Akauliza, "Mama, kitu gani kinakusumbua zaidi?" Kaka, kote tulikopita wameuliza wapi panauma. Hilo hakuna aliyeuliza. Kisha akamuuliza kama anapata choo. Mama alicheka mpaka akashika tumbo: "Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunipeleleza hivyo!"

Ametuachia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Mama anainywa kwa saa zake, aumwe asiumwe. Na kila siku ananiuliza, kaka yako anakuja lini? Nimjibu nini?

Mdogo wako.


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua afadhali. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Bonge umbusu mashavu yote mawili.

Barua yako imeniumiza. Mofini! Hapa kuna mzee wa stoo aliyefiwa na mkewe. Anasema mgonjwa akishapewa hiyo, jua ameshafungiwa mizigo. Huyo Bi Kigoda wenu ni mwema, sikatai, lakini wema hauponyi. Mmekata tamaa mapema mno. Huku kuna hospitali kubwa yenye mashine mpya. Simamisha hiyo dawa, nami natafuta kitanda. Nikikipata nakuja kumchukua. Sitaki kuja mikono mitupu, niketi nimtazame tu.

Kaka yako.


Tarehe 3 Machi

Kaka,

Shikamoo kwanza, maana nina ya kusema na sitaki uniambie sina adabu. Bonge hajambo, jino limetoka.

Dawa sikuisimamisha. Aliisimamisha Mama mwenyewe, na mimi sina habari. Maumivu yalimrudia vibaya, analala magoti yamefika kidevuni. Bi Kigoda alipokuja hakukimbilia kuongeza dawa. Alimshika mkono, akamuuliza polepole, "Mama, hii dawa inafika tumboni kweli?"

Mama akatazama ukuta kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akatoa chupa ya manukato ya zamani chini ya mto. Humo ndimo alimokuwa akiimimina, nikigeuka tu kumnyanyua Bonge.

Si unamjua Mama. Vikombe vizuri vya wageni, shuka jipya la wageni. Akasema, "Naweka akiba. Mwanangu akija nitainywa yote, anikute nimekaa, uso umekunjuka."

Nililia. Angeinywa yote kwa mkupuo, leo ningekuandikia barua gani?

Bi Kigoda hakugomba. Aliichukua ile chupa akasema, "Mama, dawa hii haiwekewi wageni. Na kuinywa yote kwa pamoja ni hatari. Maumivu unayazuia yangali mlangoni; yakishaingia yakavua viatu, kuyatoa ni kazi."

"Na mwanangu je?"

"Wewe kaa leo. Akija atakukuta umeshazoea."

Na akakaa, Kaka! Haikupita siku nyingi akampakata Bonge, akamwimbia, akazisema nywele zangu kuwa ni kiota.

Ya mzee wa stoo nayo nilimuuliza Bi Kigoda. Hakunicheka. Alisema dawa hutolewa kwa kipimo cha maumivu, na wapo wanaoinywa muda mrefu. Watu huilaumu kwa sababu huonekana mwishoni, lakini kinachoua ni ugonjwa.

Sasa nakuambia, na unajua nakupenda. Kitanda usitafute, Mama anacho. Mashine mpya itauona uvimbe ule ule. Unaona haya kuja mikono mitupu, nani kakuagiza kitu? Njoo angali anaweza kukusema.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimerudi salama, kazini wamenipokea vizuri. Hujambo? Mama ameamkaje?

Unajua nilikuja na maneno yangu yote nimeyapanga kwa ajili ya Bi Kigoda wenu. Hata sijayaanza, akanikabidhi bakuli na kitambaa: "Midomo yake inakauka. Mlowanishie." Mikono hii ya kuchomelea vyuma! Mama akafumbua jicho moja: "Taratibu, mimi si sufuria." Nikapunguza. Nikajifunza. Nilidhani kuketi na mtu ni kutofanya kitu, kumbe ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizowahi kushika, na yule muuguzi anaifanya nyumba baada ya nyumba, na bado anapata nafasi ya kucheka.

Mzee wa stoo nimemsimulia. Akaniuliza kama kwao wangeweza kumpata mtu kama huyo mkewe alipokuwa akiumwa.

Kaka yako.


Tarehe 11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Habari za tangu mazishi? Unalala walau? Mimi nimelala. Bi Kigoda alikuja juzi, nikadhani kafuata dawa zilizobaki. Alizichukua, kweli, lakini alinifuata mimi. Akamtwaa Bonge mgongoni: "Nenda kalale. Kazi yangu humu haijaisha." Sijui moyo ule umeshonwa kwa uzi gani.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa, hatukupata faragha. Uliniuliza pale mlangoni, Mama aliteseka? Nikasema hapana, ukanitazama kama mtu anayejua anabembelezwa. Basi nakuandikia kama ilivyokuwa.

Asubuhi ya siku aliyotutoka nilimwegemeza kifuani kwangu nikampa uji, kijiko kimoja kimoja. Pumzi zilikuwa ndogo, lakini zimetulia. Cha pili alikionja, akabinua mdomo.

"Wewe," akasema, "uji huu umeutia sukari, au umeionyesha tu?"

Nikacheka, nikamlaza, nikaenda jikoni kuongeza. Niliporudi amesinzia, na hakuamka tena.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wenzetu huachiwa wosia, sisi tumeachiwa lawama ya uji. Nimeyafikiria sana, Kaka. Mtu aliye ndani ya maumivu hana habari na sukari.

Mdogo wako.